Kukinga ruta na swichi za ofisi dhidi ya radi na stima inayorudi kwa nguvu

Ofisi ya Kisumu, Kakamega au Kisii ikipoteza swichi ya mtandao baada ya mvua, lawama huenda moja kwa moja kwa stima. Fungua swichi hiyo uichunguze. Mara nyingi sehemu ya pawa ni nzima, na zilizokufa ni poti (matundu ya kebo) mbili tatu tu: ile ya kamera ya getini, ile ya redio ya intaneti iliyo juu ya mabati, au ile inayokwenda jengo la pili.

Radi si lazima ipige jengo lenu. Ikipiga mti au nguzo iliyo karibu, kila waya mrefu uliopo jirani hupata volti zake, na ardhi yenyewe hupanda volti upande mmoja kuliko mwingine. Msukumo huingia kwa waya mmoja ukatafuta pa kutokea kwa mwingine, na kifaa kilichokaa katikati ndicho huungua. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zina shabaha moja: nyaya zote zinazoingia ofisini zikutane mahali pamoja, zifungwe kwenye ardhi moja, kwa waya mfupi.

Kazi ya kisanduku cha breka mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Na ngurumo ikisikika, hakuna anayeshika kebo yoyote mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Hatua ya 1: Hesabu milango

Zunguka jengo na karatasi. Andika kila waya wa shaba unaopenya ukuta: stima, jenereta, sola, kamera, kengele ya geti, redio, kebo ya kwenda stoo. Ambao hukuuandika ndio utakaoleta hasara.

Hatua ya 2: Pima ardhi

Anza na multimita kwenye soketi ya kabati la mtandao. Kati ya laivu na nyutro utasoma karibu volti 240. Kati ya laivu na ardhi, usome karibu hivyo hivyo. Ukiona 60 au 110 inayochezacheza, waya wa ardhi umekatika au haukuwahi kufungwa. Kati ya nyutro na ardhi, volti moja au mbili ni kawaida. Ikiwa ni sifuri kamili huku vifaa vingi vinafanya kazi, fundi azime breka na afungue soketi: huenda kuna aliyeunganisha nyutro na ardhi humo ndani ili kipimo kionekane kizuri. Hiyo ni hatari ya kuua mtu, iondolewe siku hiyo hiyo.

Multimita haikuambii kama fimbo ya ardhi, ile iliyochimbiwa chini, inafanya kazi. Kwa hilo fundi aje na kipima ardhi, na lengo liwe ukinzani ulio chini ya ohm 10. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano hushika maji vizuri wakati wa masika, lakini kiangazi hupasuka na kuachana na fimbo. Pima Januari au Februari, si Mei. Namba ikiwa kubwa, ongeza fimbo ya pili ya mita 1.2 au 1.5, umbali wa mara mbili ya urefu wake, na uziunganishe kwa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba uliofukiwa sentimita 50. Maseno, ambako fimbo hugonga mwamba, chimba mtaro na ulaze waya huo wazi kwa mita 10 au zaidi.

Usimwage chumvi. Itashusha namba msimu mmoja, kisha mvua itaiondoa, na itakayobaki itakula shaba. Bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, hufanya kazi hiyo bila kuharibu.

Hatua ya 3: Ardhi moja tu

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, na hufanywa na watu waangalifu. Mtu anachimbia kabati la mtandao fimbo yake pekee, eti ardhi safi, na mlingoti wa redio anaupa nyingine. Radi inapoanguka karibu, fimbo hizo huwa na volti tofauti, pengine maelfu, na kebo ya mtandao inayounganisha mlingoti na kabati inakuwa daraja kati yao. Umejenga njia ya kupitia swichi.

Funga bamba moja la shaba karibu na mahali nyaya zinapoingia. Hapo zije fimbo ya stima, fimbo ya mlingoti, kabati la mtandao na kinga zote (vifaa vya kumwaga msukumo ardhini, vya hatua ya 4 na 5). Fimbo zikiwa nyingi si neno, mradi zimeunganishwa kwa waya wa milimita 16 za mraba.

Hatua ya 4: Kinga kwenye kisanduku cha breka

Nunua yenye alama T2 (ya kuzuia msukumo wa radi iliyopiga karibu), au ya T1 na T2 pamoja (T1 huhimili radi yenyewe) ikiwa jengo lina fimbo ya radi juu. Kwa laini moja ya volti 240, soma ubavuni: Uc, yaani volti inazovumilia muda wote, 320 (ya 275 huchoka mapema mahali stima inapopanda sana usiku); Imax, msukumo mkubwa kabisa inaouhimili, 40 kA (ampea 40,000); Up, volti inazoachia zipite, isiyozidi 1,500. Chagua ambayo moduli yake huchomoka, maana siku moja utaibadilisha.

Fundi asimame hapa kwa dakika kadhaa. Jumla ya waya kutoka laivu hadi kinga, na kutoka kinga hadi ardhi, isizidi nusu mita, unene milimita 6 za mraba (16 kwa yenye T1), bila kuuzungusha. Kila mita ya waya, msukumo ukipanda ampea 1,000 kwa maikrosekunde moja (sehemu ya milioni ya sekunde), huongeza takriban volti 1,000 juu ya zile kinga inazozuia. Kinga ghali iliyofungwa kwa waya wa mita mbili uliokunjwa vizuri kama kamba haikingi kitu.

Hatua ya 5: Kebo za mtandao

Kati ya majengo mawili, ondoa shaba, weka faiba. Faiba nyingi za kutundika zina waya wa chuma ubavuni: ukate na uufunge kwenye ndoano ya ukutani, usiingie nao hadi kabatini.

Redio ya juu ya mabati huwezi kuikwepa, basi weka kinga mbili za RJ45 (plagi ya kebo ya mtandao): moja karibu na redio, nyingine pale kebo inapoingia. Hakikisha inakinga nyaya zote 8. Za bei rahisi hukinga 1, 2, 3 na 6 pekee, ilhali redio nyingi za volti 24 hupata pawa kwa 4, 5, 7 na 8. Skrubu ya ardhi ya kinga isipofungwa, hicho ni kiungio cha kebo tu. Na kebo iliyokwisha kukingwa isipite paipu moja na ambayo bado haijakingwa, kwa sababu msukumo hurukia tena.

Kamera za nje zipe swichi yake ndogo ya PoE (inayopitisha pawa kwenye kebo ya mtandao), kisha iunganishe na swichi kuu kwa faiba ya mita 2 na vigeuzi viwili vya faiba na shaba. Radi ikipita kinga, utapoteza swichi hiyo ndogo, si mtandao mzima.

Hatua ya 6: Stima ikipotea na kurudi

Kinga ya radi hushughulikia msukumo wa maikrosekunde tu. Nyutro ikikatika kwenye jengo la fezi tatu, ofisi yenye mzigo mdogo yaweza kukaa kwenye volti 350 au zaidi kwa dakika nzima, na hapo kinga yenyewe huungua. Baada ya kinga hiyo weka rilei ya volti (swichi inayokata stima volti zikizidi au zikipungua): ikate juu ya 265 na chini ya 190, isubiri dakika 3 kabla ya kurudisha. Pasipo rilei, tumia gadi ya plagi, lakini si ile ya ampea 5 ya friji: UPS (betri ya akiba) ya VA 1,500 peke yake yaweza kuvuta zaidi ya ampea 6. Tafuta ya 13.

Kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba, angalia kidirisha cha kinga. Kijani ni nzima, chekundu badilisha moduli. Bandika ndani ya mlango wa kisanduku karatasi yenye tarehe na ohm ulizopima, fundi ajaye ajue kama ardhi inaharibika au la.