Jinsi ya kuzuia ukoka usivamie matuta ya maua

Ukoka una njia mbili za kuvamia tuta. Juu hutambaza matawi yanayotia mizizi kila kifundo kinapogusa udongo. Chini husukuma mashina meupe, magumu, yenye ncha kama sindano. Matofali yaliyolazwa juu ya ardhi huzuia ile njia ya kwanza tu. Niliwahi kuyapanga vizuri, mstari umenyooka, bila kuchimba. Msimu wa mvua ulipokwisha ukoka ulikuwa unachungulia kila mwanya, nikalazimika kuyafumua yote.

1. Mwagilia siku moja kabla. Kwenye udongo mkavu mashina hukatika na vipande hubaki chini.

2. Laza mpira wa maji kufuata umbo unalotaka. Epuka kona kali, maana mashine ya kukata nyasi haizifikii.

3. Chimba mfereji kwa beleshi kando ya mpira, kina cha sentimita 15 hadi 20. Ukuta wa upande wa nyasi uwe wima.

4. Toa ukoka uliokwisha kuingia kwenye tuta. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi hukimbilia jembe. Jembe linakata shina moja vipande kumi, na kila chenye kifundo kinaweza kuota upya. Tumia uma wa bustani: inua bonge la udongo, livunje kwa vidole, kisha fuata shina jeupe polepole mpaka ncha yake. Ukisikia "ta!", limekatika, rudi uchimbe. Usiyatupe kwenye mboji yakiwa mabichi. Yaanike juani, mbali na udongo, mpaka yavunjike kama njiti za kiberiti.

5. Simamisha kizuizi kwenye ule ukuta wima. Plastiki ngumu ya bustani inafaa, bati pia (likunje ukingo wa juu lisikate mtu mguu). Plastiki nyepesi ya mfuko ni kujisumbua, ukoka huitoboa. Acha sentimita 3 hadi 5 zijitokeze juu ya udongo. Kwenye maungio, pishanisha ncha angalau sentimita 15 na uzibane, kwa sababu mashina hutafuta mwanya huohuo.

6. Rudisha udongo na ushindilie pande zote mbili. Ukiweka matandazo, yawe chini ya ukingo. Yakilingana nao umeujengea ukoka daraja.

Kama huna kizuizi, mfereji mtupu nao unasaidia, ila utauchonga upya mara kwa mara kadiri udongo unavyoporomoka.

Wakati wa mvua, pita kando ya tuta kila baada ya wiki mbili. Tawi lililoruka ukingo likate upande wa nyasi, halafu livute kutoka tutani. Likikataa kuja, limeshatia mizizi: chukua uma.