Somo: Namna ya kusoma ripoti ya jeni za dopamini katika skizofrenia

Wiki jana mmoja wetu kwenye kundi hili alituma kipande cha ripoti kuhusu skizofrenia, ugonjwa wa akili: "jeni DRD2 imepungua kwenye ubongo wa wagonjwa." DRD2 ni jeni ya kipokezi cha dopamini: dopamini ni kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na kipokezi ndicho kinachoinasa. Simu yangu haikunyamaza hadi usiku. Mimi ni fundi wa maabara hapa Kisumu, si daktari, ila ripoti za namna hii nazisoma hivi.

Hatua ya 1. Tenga jeni na nakala zake. Mshonaji wa Kibuye ana kiolezo kimoja cha gauni. Desemba anashona hamsini, Februari matatu, na kiolezo ni kilekile. Jeni ndiyo kiolezo; ripoti hizi zinahesabu magauni, yaani nakala zinazotolewa kwenye jeni, ziitwazo RNA.

Hatua ya 2. Uliza ubongo ni wa nani. Ni wa marehemu. Utafiti wa Taasisi ya Lieber, Baltimore, uliotoka 2022, ulipima kaudeti, sehemu ya ndani ya ubongo yenye dopamini tele, kutoka kwa watu 443, wagonjwa na wasio wagonjwa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huteleza. Uliza: nakala ipi? Kiolezo cha DRD2 hutoa kipokezi cha dopamini cha mikono mirefu na cha mikono mifupi. Kirefu hukaa zaidi kwenye seli inayopokea dopamini. Kifupi hukaa zaidi kwenye seli inayoitoa, kikifanya kazi ya boya la tangi: dopamini ikijaa, kinafunga. Kilichohusishwa na hatari ya ugonjwa kule Baltimore ni kupungua kwa hicho kifupi. Boya limepungua nguvu, kwa hiyo maji yamezidi! Aliyesoma "imepungua" akadhani dopamini ndiyo imepungua, amesoma kinyume.

Hatua ya 4. Kumbuka dawa. Wagonjwa wengi huwa wamezimeza kwa miaka, nazo hubadilisha hesabu. Ndiyo maana watafiti huangalia pia herufi za DNA mtu alizozaliwa nazo; hizo kidonge hakizibadilishi.

MASWALI

Wa Ahero: Mwalimu, kama vipokezi vimepungua, mbona haloperidoli ya kaka yangu inaviziba tena?
Jibu: Swali zuri kuliko somo lenyewe. Dawa hairekebishi boya. Inafunika ndoo za upande wa pili, yaani vipokezi vya seli inayopokea dopamini, zisijae kupita kiasi.

Wa Nakuru: Nimpeleke binti yangu apimwe jeni?
Jibu: Hapana, dada. Hakuna kipimo cha jeni kinachotambua skizofrenia. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake huugua kati ya theluthi na nusu ya mara tu. Daktari hutambua kwa kuzungumza naye na kusikiliza historia yake.

Wa Kondele: Mama mkwe anasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, tuache dawa.
Jibu: Usibishane naye mbele ya mgonjwa. Maombi na desturi ziendelee, kidonge kisirukwe. Siku ya kliniki mwende naye, ashike yeye ile kadi.