Kutambua kikasha cha umeme usichokijua kwenye Land Rover ya zamani

Ukifungua boneti ya Land Rover ya miaka ya 1950 ukakuta kikasha cheusi usichokijua, usikate waya wowote kabla ya kusoma rangi zake, kwa sababu kwa kawaida waya wa kahawia hutoka kwenye betri na huwa na umeme wakati wote, mweupe hupata umeme swichi inapowashwa, wa kijani hupitia fyuzi kwanza, na mweusi ni wa ardhi, yaani unaounganishwa na chasi. Rangi ikiwa imefifia, fungua kidogo mkanda uliozungushiwa waya, kwani ndani hubaki safi. Kisha futa grisi na utafute herufi zilizoandikwa pale waya zinapofungwa. Ukiona A, A1, F, D na E, hicho ni kidhibiti cha dinamo (mashine inayozalisha umeme injini inapozunguka) cha Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari, chenye koili inayosimamia volti na nyingine inayoitenganisha dinamo na betri injini inapozimwa, ili betri isiishiwe na umeme. Inasikitisha kuona kifaa kizima kama hicho kikitupwa kwa kudhaniwa ni rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya honi. Kabla ya kupima, angalia ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye chasi, maana magari mengi ya Uingereza ya wakati huo yalifunga upande chanya.