Somo: Uchiwa ya Marugame, upapi mmoja wa mwanzi hadi upepeo kamili

Uchiwa ni upepeo wa Kijapani usiokunjwa. Ule wa kukunja huitwa sensu, nao ni ufundi mwingine kabisa, hatutaugusa hapa. Tunashika uchiwa ya mpini bapa kama inavyotengenezwa Marugame, mji wa bandari katika mkoa wa Kagawa, kisiwa cha Shikoku. Takriban asilimia 90 ya uchiwa za Japani hutoka huko, na mafundi wake huhesabu hatua 47. Sisi tumezikusanya zikawa 9, lakini kila iliyobaki ni ya lazima.

Kabla hujashika kisu, elewa jambo moja. Mpini na njiti zote ni mwanzi uleule. Hakuna gundi, msumari wala kiungo kati yake. Sehemu ya juu ya upapi, yaani kipande bapa cha mwanzi, hupasuliwa njiti, ya chini huachwa nzima iwe mpini, na katikati linakaa fundo la mwanzi. Nyuzi za mwanzi hukimbia sambamba ndani ya pingili, yaani sehemu iliyo kati ya fundo na fundo, lakini kwenye fundo hupindana na kuingiliana. Ndiyo maana mpasuko ukifika pale husimama. Ukilielewa fundo, nusu ya kazi umeshaijua.

Vifaa

Mwanzi: Marugame hutumia madake, ambao una pingili ndefu na nyuzi zilizonyooka. Uwe na miaka 3 au zaidi, uliokatwa majira ya baridi. Wakati huo maji na wanga ndani ya mwanzi hupungua, wadudu hawaupendi, na haunywei sana ukikauka. Mwanzi mchanga ni laini kupasua lakini njiti zake hujikunja zikikauka.

Pingili iliyo juu ya fundo utakalotumia iwe na angalau sm 26 bila fundo lingine. Chini ya fundo unahitaji sm 12 za mpini.

Vingine: kisu kizito chenye makali ya kunyooka, kisu kidogo cha kuchonga, keekee ya mm 3, uzi wa pamba imara, karatasi mbili za washi (karatasi ya asili ya Kijapani) zenye uzito sawa, wanga, brashi mbili, mkasi mgumu, na nyundo ya mti.

1. Kupasua upapi. Pasua mwanzi kwa urefu upate papi za upana wa mm 25. Anza kila mara kwa kugawa nusu kwa nusu. Ukijaribu kumega upapi mwembamba pembeni mwa kipande kinene, mpasuko utakimbilia upande mwembamba na upapi utaishia kama kabari. Loweka papi majini usiku mmoja.

2. Kuondoa nyama ya ndani. Chonga ukuta wa ndani wa fundo hadi uwe sawa na sehemu nyingine, kisha punguza nyama ya ndani upande wa njiti tu, hadi unene wa karibu mm 1.5. Usiguse ganda la nje. Nguvu ya mwanzi imo kwenye tabaka la nje, kule nyuzi zilikosongamana. Nyama ya ndani ni laini na haina kazi kwenye njiti. Mpini uache na unene wake.

3. Kupasua njiti. Hapa ndipo wengi huharibu. Simamisha upapi, weka kisu kwenye ncha ya juu, ugawe nusu, kisha kila nusu igawe tena: 2, 4, 8, 16, 32. Karakana za Marugame hufikia njiti 35 hadi 45, lakini kwa anayejifunza 32 zinatosha, maana kugawa nusu mara 5 ni rahisi kuliko kukadiria.

Kisu kiingie sm 10 tu kutoka kwenye ncha. Hiyo ni chini ya nusu ya urefu wa njiti, na kuna sababu. Mkono haujui nyuzi zinaelekea wapi. Ukiendelea na kisu hadi chini, mahali fulani makali yatakata nyuzi kwa mshazari, na njiti hiyo itavunjika siku ya kufuma au baadaye kidogo.

4. Kunyonga. Sm zilizobaki huachiwa mwanzi ujipasue wenyewe. Shika mpini kwa mkono mmoja, na kwa mwingine shika njiti zote pamoja, uzinyonge kwa mshazari, kushoto kisha kulia, huku ukishuka polepole kuelekea kwenye fundo. Utasikia mlio wa mpasuko unaoteremka. Mlio ukikoma na njiti zikawa huru hadi chini, umefika. Acha hapo hapo. Anayeendelea kunyonga kwa kutaka uhakika hupasua fundo, na fundo likipasuka upapi huo ni kuni.

Papi ziwe na unyevu wakati huu. Zikikauka, zirudishe majini kwa saa moja.

5. Kutoboa fundo. Toboa tundu la mm 3 ndani ya fundo, kutoka ukingo mmoja wa upapi hadi wa pili. Anza upande mmoja hadi katikati, geuza, malizia upande wa pili. Ukitoboa mfululizo kutoka upande mmoja, keekee hutokea pembeni mwa fundo na kuacha ukuta mwembamba sana.

6. Upinde. Upinde huitwa kama kwa Kijapani, neno lile la mundu. Chonga ufito wa mwanzi wa sm 24, mnene katikati (mm 2.5) na unaopungua kuelekea ncha zote mbili. Uinamishe kwa vidole: ukijikunja sawa pande zote, ni mzuri, ukijikunja zaidi upande mmoja, punguza ule mgumu. Usiharakishe. Upinde usio na mizani hutoa upepeo wa bega moja juu, na hakuna karatasi itakayoficha hilo. Upitishe kwenye tundu hadi pande zote zitoke urefu sawa.

7. Kufuma. Funga uzi kwenye ncha moja ya upinde. Upitishe mbele ya njiti ya kwanza, nyuma ya ya pili, mbele ya ya tatu, hadi ncha ya pili ya upinde, kisha urudi kinyume chake: palipopita mbele sasa upite nyuma. Kila njiti inakuwa imebanwa na uzi pande mbili. Vuta hadi ncha za upinde ziinuke na uzi uwe umekaza kama wa zeze. Mstari wa uzi ukae sm 5 hadi 6 juu ya fundo.

Sasa tandaza njiti kwa ncha ya sindano nene, moja moja, hadi nafasi kati yake zilingane. Angalia ukiwa umeushika upepeo mbele ya dirisha, kwa mkono ulionyooka. Njiti ya katikati iwe mstari mmoja na mpini. Hatua hii inastahili muda kuliko zote, kwa sababu karatasi ikishabandikwa haina masahihisho.

8. Kubandika. Gundi: wanga kijiko 1 kikubwa, maji vijiko 5. Koroga ukiwa baridi, pika kwa moto mdogo dakika 10 bila kuacha kukoroga hadi uangaze, chuja, kisha ongeza maji hadi uwe kama maziwa mazito. Wanga wa ngano au wa muhogo, vyote vinafaa.

Kata karatasi zikizidi umbo unalotaka kwa sm 2. Paka gundi kwenye njiti, kisha kwenye karatasi. Weka njiti juu ya karatasi ya kwanza ukilinganisha ukingo wa chini na mstari wa uzi, rekebisha njiti zilizosogea, halafu funika na ya pili. Piga brashi kavu kutoka katikati kwenda nje. Dakika 3 za kwanza bado unaweza kusogeza njiti kwa kucha. Baada ya hapo ziache.

Anika kivulini, ukiwa umesimama, siku nzima. Juani upande mmoja hukauka kabla ya mwingine na upepeo hujikunja.

9. Kukata na kumalizia. Marugame huweka juu ya upepeo mundu maalumu wenye umbo la ukingo, tataki-gama, na kuugonga kwa nyundo ya mti; njiti na karatasi hukatika pamoja. Kwa mkasi kata kidogo kidogo, njiti moja kwa wakati, ukifuata kiolezo cha karatasi ngumu. Kisha bandika ukanda wa karatasi wa upana wa mm 10 uliokunjwa katikati, kuuzunguka ukingo wote. Huo huitwa heri. Ncha mbili za upinde zifunike kwa vipande vidogo vya karatasi vinavyoitwa mimi, yaani masikio. Kwa hiyo, mpenzi msomaji wa Kiswahili, uchiwa yako ina kama na ina mimi, na hakuna hata moja ya maana uliyoizoea.

Mwisho, karakana hupitisha upepeo kwenye mashine ya magurudumu mawili ili mistari ya njiti itokeze. Nyumbani weka karatasi safi juu na usugue kwa mgongo wa kijiko.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Iringa: Shikamoo mwalimu. Huku tuna mianzi mingi, na pwani kuna ile minene ya njano. Inafaa, au lazima uwe wa Japani?

*Marahaba.* Usitazame jina la mwanzi, tazama tabia yake. Kata kipande cha sm 40 kilichokomaa, chenye fundo moja, ukipasue kwa mkono baada ya kuanzisha kwa kisu. Mpasuko ukienda wima hadi kwenye fundo, fanya kazi. Ukikimbia pembeni, acha. Ile ya njano ya pwani ina wanga mwingi na hushambuliwa na wadudu watoboao. Ukiona unga mweupe chini ya upepeo wiki chache baadaye, ndio hao. Iloweke majini wiki mbili hadi tatu, ukibadilisha maji, na uikaushe vizuri kabla ya kuipasua. Pia hakikisha urefu wa pingili. Mianzi mingi yenye ukuta mzuri hukwama hapo.

Kutoka Mombasa: Fundi, njiti zangu nne zimekatika nikinyonga. Zote upande mmoja. Nimekosea wapi?

Kwa kuwa zote ziko upande mmoja, tatizo ni hatua ya 1. Upapi ulimegwa mshazari, kwa hiyo nyuzi za upande ule zinatokeza kwenye ukingo kabla ya kufika kwenye fundo, na njiti hukatika pale zinapotokea. Zingekuwa zimetawanyika ningesema mwanzi ulikauka au nyama ya ndani ilibaki nene. Njiti moja ikikatika katikati ya upepeo unaweza kutandaza jirani zake. Nne, anza upya.

Kutoka Muscat: Upepeo wangu umekauka ukiwa umepinda kama sahani. Naweza kuunyoosha?

Angalia kwanza kama karatasi mbili zina uzito sawa. Karatasi nzito hunywea kwa nguvu zaidi na kuvuta upepeo upande wake, na hapo hakuna dawa. Kama ni sawa, basi upande mmoja ulikauka mapema. Nyunyizia maji kidogo upande wa ndani wa sahani, uweke kati ya karatasi safi na mbao mbili, siku moja na nusu.

Kutoka Kampala: Umbo ni zuri lakini hautoi upepo, unalegea tu.

Pinda njiti kwa kidole karibu na uzi. Zikikubali kirahisi, ulizichonga chini ya mm 1, au ulichonga ganda la nje badala ya nyama ya ndani. Zikiwa ngumu lakini shingo inacheza, kuna ufa ndani ya fundo. Njiti nzima upepeo mlegevu: upinde ni mwembamba. Hilo la mwisho tu ndilo linalorekebishika, na ni kabla ya kubandika.

Kutoka Dodoma: Nimeona picha za uchiwa yenye mpini wa mviringo. Ni hatua hizi hizi?

Hiyo ni ya Boshu, mkoa wa Chiba, mashariki ya Japani. Hutumia medake, mwanzi mwembamba, ukiwa mzima bila kuupasua papi. Sehemu ya juu hupasuliwa njiti 48 hadi 64 kuzunguka, na tundu la mpini huzibwa kwa kijiti cha mti. Njiti zikikaa vibaya, hupashwa moto ili zinyooke, mbinu unayoweza kuiazima kwa Marugame pia, kabla ya kubandika. Ile ya Kyoto ni tofauti zaidi: njiti hupangwa kwanza kwenye karatasi na mpini huchomekwa mwishoni. Kwa anayeanza, mpini bapa ni rahisi zaidi, kwa kuwa unafanya kazi juu ya meza na upapi haubingiriki.

Kutoka Tanga: Nataka wa kupepea jiko la mkaa. Karatasi itastahimili?

Karatasi tupu haitastahimili mvuke na mafuta. Japani upepeo wa jikoni hupakwa kakishibu, maji ya matunda mabichi ya kaki (persimoni) yaliyochachushwa. Tanini yake hukaza karatasi na kuzuia maji. Eneo la Kutami, mkoa wa Kumamoto, linajulikana kwa uchiwa za aina hiyo, na rangi yake ya kahawia huzidi kukolea kadiri miaka inavyopita. Ukiikosa, paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mkono mwepesi mara mbili, siku mbili kati ya mara moja na nyingine. Vitambaa ulivyopakia vitandaze nje vikauke, usivikunje ukaviweka kwenye kona, maana mafuta hayo hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Ongeza upana wa heri uwe mm 15. Upepeo wa jikoni huanza kufa kwenye ukingo.