SOMO: Kusoma na watoto wadogo siku ya kikoba (ndoo moja ya rangi, kalenda za zamani na cherehani)

Habari zenu wadau. Hili somo niliahidi tangu tunapanda viazi, na viazi vishavunwa vikauzwa, naombeni radhi. Ni namna tunavyosoma na watoto kuanzia wa miaka mitatu mpaka wa darasa la kwanza, kijijini kwetu huku milimani juu ya Tukuyu. Mi sio mwalimu, mi fundi cherehani na katibu wa kikoba (kikundi chetu cha kuweka na kukopa), kwa hiyo lugha ya kitaalamu msiitegemee hapa.

Nianze na tulipokosea. Mara ya kwanza tuliita watoto ofisi ya kijiji Jumamosi saa nne. Tukapanga mabenchi, tukapaka ubao rangi, mwenyekiti akaja kufungua na hotuba juu. Wiki ya kwanza watoto thelathini na kitu, wiki ya nne walikuja watatu na wawili kati yao ni wa kwangu. Jumamosi saa nne watu wako shamba au gulioni, sasa mtoto wa miaka minne atafika na nani? Mara ya pili tukajifanya wajanja, tukaenda mashineni, kina mama wanasubiri kusaga na watoto wapo wapo tu pembeni. Wazo zuri, ila mashine ikiwaka husikii hata jina lako ukiitwa. Tulisoma vizuri siku umeme umekatika, basi.

Mara ya tatu ndo tukaamka. Kikoba chetu kinakaa kila Alhamisi jioni na hakuna anayekosa kwa sababu kuna faini. Mama akija, mtoto yuko mgongoni au kashika khanga. Wakati wanahesabu hisa na marejesho sisi wawili watatu tunakaa na watoto upande wa pili wa nyumba. Hadi leo hatujawahi kumuita mtoto hata mmoja.

HATUA YA 1. Tafuta watu wanapokusanyika tayari
Kwenu inaweza isiwe kikoba. Inaweza kuwa banda la kupimia chai, kituo cha maziwa, siku ya kupima uzito kliniki, baada ya ibada. Angalia vitu viwili tu, pawe na utulivu kidogo na pawe na mvuto mwingine wa kumleta mzazi. Usianzishe siku mpya, siku zimejaa.

HATUA YA 2. Ruhusa
Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, usiruke hii. Mtendaji akikuuliza hili ni la wapi mwambie serikali ina programu ya malezi na makuzi ya mtoto wa miaka 0 mpaka 8, ile PJT-MMMAM (Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto) iliyozinduliwa Desemba 2021, na ujifunzaji wa awali umo humo kabisa pamoja na afya, lishe, malezi na ulinzi wa mtoto. Wetu alipolisikia hilo jina refu alitulia. Halafu wekeni sheria: mtu mzima mmoja asikae na watoto peke yake, siku zote muwe wawili au zaidi na sehemu ya wazi.

HATUA YA 3. Vitabu
Sisi tulianza na vitabu saba, vitatu havina kava. Ukiwa karibu na mji ulizia maktaba ya mkoa, zile za Bodi ya Huduma za Maktaba, Mbeya ipo na Iringa ipo. Kuna pia Mradi wa Vitabu vya Watoto, upo tangu 1991 na vitabu vingi vya hadithi vya Kiswahili vimepita mikononi mwao, ukikutana navyo kwenye mitumba ya vitabu chukua. Mwenye bando aingie African Storybook, hadithi za bure zipo na za Kiswahili zipo, unadauni unapeleka steshenari wanakuprintia, ni halali kabisa maana leseni yake inaruhusu.

Ila vinavyopendwa kuliko vyote tumevitengeneza wenyewe. Kusanya kalenda za mwaka jana, zile kubwa za ukutani za dukani, nyuma ni nyeupe na karatasi ngumu. Bibi anasimulia, mmoja anaandika kwa herufi kubwa sentensi moja kila ukurasa, watoto wanachora. Kushona sasa, hapa ndo kwangu: kunja katikati, pitisha cherehani kwenye mkunjo, LAKINI weka mshono mrefu kuliko yote. Ukiweka mshono mfupi sindano inatoboa karibu karibu na karatasi inakatika yenyewe kama stempu, niliharibu viwili ndo nikajua. Ncha za uzi funga kwa mkono. Hakuna cherehani, sindano ya gunia na uzi wa katani inatosha.

Kutunza: ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko, iliyooshwa vizuri. Anayeijua mvua ya Tukuyu hataniuliza kwa nini sio boksi.

HATUA YA 4. Kusoma kwenyewe
Hapa msikimbie. Watoto sita mpaka nane kwa msomaji mmoja, wakizidi hawaoni picha wanaanza kusukumana. Kaa chini kama wao, kitabu kitazame upande wao, we jifunze kusoma ukiwa pembeni, shingo itazoea.

Anza na kava. Uliza wanaona nini, nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu, sisi watu wazima tunauliza na kujibu wenyewe. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Mtoto akisema "mbuzi" usiseme safi ukapita, mrudishie imeongezeka: "ee, mbuzi, tena mbuzi mweusi anatafuna khanga". Kesho utasikia anaitumia. Kidole kipite chini ya maneno taratibu, ajue yale madoa ndo yanaongea na yanatoka kushoto kwenda kulia. Kabla ya kufunua ukurasa simama: "sasa mwenye khanga akija itakuaje?" Hakuna jibu baya hapo.

Rudia kitabu kilekile wiki tatu nne. We utachoka, wao hawachoki. Mara ya kwanza wanasikiliza, mara ya pili wanadakia mwisho wa sentensi, ya tatu wanakusahihisha ukiruka neno, na yule anayemsomea mdogo wake kitabu kakishika juu chini huku maneno yote yako sawa, usimcheke, huyo yuko njiani.

Na lugha: wetu wengi nyumbani ni Kinyakyusa. Tunasoma Kiswahili, tunaongea vyote. Mtoto akijibu Kinyakyusa amejibu.

Msomaji sio lazima awe na cheti. Tuna bibi mmoja alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima enzi za Mwalimu Nyerere, ule mwaka 1970 ulipotangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima na watu wakaandikishwa kila kona. Anasoma polepole na kidole, silabi kwa silabi, na watoto wanamfata neno kwa neno kuliko mimi ninayekimbia. Mwingine hajui kusoma kabisa. Yeye anafungua picha anasimulia, akisema "Paukwa" tu hata waliolala wanaamka "Pakawa!". Tulikuwa tunamuonea huruma tukamuweka mwisho, sa hivi ndo anafungua.

HATUA YA 5. Michezo ya sauti, dakika kumi hivi
Kupiga makofi silabi. Ndi-zi mawili, pa-ra-chi-chi manne, ma-ha-ra-gwe manne. Kuna mtego hapa hata watu wazima wanaanguka: m-to-to ni makofi matatu, lakini mbu-zi ni mawili, ile m ya mtoto inasimama peke yake na ya mbuzi imeshikana na b. Tulibishana kikoba kizima siku ile, mpaka marejesho yakachelewa.

Herufi tamka sauti yake, sio jina. Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) uje 2015, shuleni wanaanza na sauti, kwa hiyo ukimfundisha nyumbani "em-a" halafu shuleni anaambiwa "mmm-a" unampa kazi mara mbili. Anza na a e i o u, hizo Kiswahili hazibadiliki popote zinapokaa, halafu ma me mi mo mu. Akizishika hizo anasoma mama, mimi, mume, na anajiona profesa. Vitendawili pia, hivyo havina gharama.

HATUA YA 6. Vitoke viende nyumbani
Daftari, jina la mtoto, jina la kitabu, Alhamisi kirudi. Hakuna faini. Kuna shule moja siitaji niliona boksi la hadithi kabatini bado lina nailoni yake, miaka miwili, mwalimu anaogopa vikichafuka ataulizwa. Simlaumu sana, ni kweli ataulizwa. Sisi vimepotea vinne, kimoja kaliwa na ndama, vilivyobaki vinanuka moshi.

MASWALI YA WADAU

Mama wa Mafinga: Dada mi wangu ana miaka miwili na nusu, kila kitabu anachana. Nisubiri akue?
Jibu: Usisubiri. Kata boksi gumu vipande vinne, bandika picha, pitishia selotepu pana juu yote, toboa funga kamba. Hicho atang'ata tu. Na dakika tatu zinamtosha, akiondoka muache aondoke.

Mwalimu wa awali, Makambako: Somo zuri ila mimi tangu elimu bila malipo ianze 2016 darasa limejaa, nina watoto zaidi ya 90 na niko peke yangu. Sita mpaka nane nitawapata wapi?
Jibu: Pole sana mwalimu, hilo silitatui hapa. Ila jaribu kuazima wa darasa la sita kumi, nusu saa kwa wiki, kila mmoja akae na kikundi na kitabu alichokisoma jana yake. Wakubwa nao wanafaidika maana wapo wanaosoma kwa kujikwaa na hakuna aliyejua.
Mwalimu wa awali, Makambako: Hao ninao wengi wa kujikwaa 😂 nitaongea na hedimasta.

Dereva bajaji Uyole: Sie akina baba tunaorudi usiku wamelala tunafanyaje, maana kila somo la watoto ni kina mama tu
Jibu: Kweli kaka, na kikoba chetu kina mama ndo wengi, hapo umenishika. Asubuhi unampeleka shule na bajaji? Basi msome maandishi ya bajaji za wenzako na mabango ya maduka. Muulize ipi inaanza na sauti "m". Mbeya nzima ni kitabu cha kupakwa rangi.

Mjukuu wa Kalenga: Kamwene! Bibi yetu anasimulia Kihehe tu, mke wangu anasema mtoto atachanganyikiwa akianza shule. Nimkataze?
Jibu: Kamwene ndugu yangu. Usimkataze. Hadithi ni mpangilio, nani alianza, nini kikafata, kwa nini. Akiushika kwa Kihehe ataujua na kwenye Kiswahili, anachobadilisha ni maneno. Mwambie shemeji amuombe mtoto asimulie ileile kwa Kiswahili jioni, ataona.

Mpenda takwimu: Mmepima lakini? Au ni hisia tu.
Jibu: Hatujapima, nisikudanganye. Ninachojua ni kwamba daftari la kuazima limejaa tuko la pili, na mwalimu wa darasa la kwanza alinisimamisha njiani akaniuliza hawa wanaoshika kitabu vizuri wanatoka wapi. Kama we unajua kupima kwa njia rahisi njoo Alhamisi, uji upo.

Mama wa Mafinga: Samahani tena, hiyo hadithi ya mbuzi na khanga naipataje?
Jibu: Kipo kimoja tu na wiki hii kiko nyumbani kwa mtoto mmoja kule bondeni, akirudisha napiga picha naweka. Ukurasa wa nne haupo, alichorea ndege mtu akauchana, tunausimulia kwa mdomo.