Kaboni ya Udongo: Rudi Palepale, Chimba Vilevile

Chimba bonge la udongo ukubwa wa yai katikati ya shamba, na jingine ukingoni pasipopita jembe. Yaanike yakauke kabisa, kisha litumbukize kila moja kwenye glasi yake ya maji, usitikise. Aghalabu lile la shambani hutoa mapovu, humeguka, na baada ya dakika chache limekuwa tope. La ukingoni bado limeshikamana. Gundi inayolishika ni mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza, na takriban nusu ya uzito wa mboji ni kaboni.

Ndiyo maana kaboni ya udongo inahesabiwa kuwa kipimo cha afya ya mazingira, si cha rutuba pekee. Ikipungua, udongo haushiki maji, vijidudu hukosa chakula, mvua husomba tabaka la juu, na sehemu ya kaboni hiyo hupanda angani ikiwa hewa ukaa. Hata katika Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, ardhi iliyoharibika hutambuliwa kwa mambo matatu: kinachoifunika, tija yake na akiba yake ya kaboni.

Glasi ya maji hukupa dokezo tu. Kufuatilia kunataka namba, na namba za udongo ni rahisi kupotosha. Ndani ya shamba moja kuna kichuguu, palipolala ng'ombe, palipochomwa takataka, hapo usichote. Gawa shamba kwa aina ya udongo na matumizi yake. Katika kila sehemu pita zigizaga, chota mahali 15 hadi 20, kina cha sm 0 hadi 30, changanya kwenye ndoo safi, kisha toa nusu kilo ya kupeleka maabara ipimwe asilimia ya kaboni. Fagia majani ya juu kwanza. Na ukichota muda mfupi baada ya kumwaga samadi, utakuwa umepima samadi.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau: asilimia ya maabara peke yake haitoshi. Unahitaji pia uzito wa udongo kwa ujazo wake. Chukua kopo la bati lililo wazi juu na chini, kipenyo sm 5 na kimo sm 5, lipigilie taratibu ardhini, kata udongo sawasawa na kingo zake juu na chini, kisha ukaushe udongo huo kwenye oveni kwa nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena. Ujazo wa kopo ni karibu sm za ujazo 98. Ukipata gramu 128, kila sentimita ya ujazo ina gramu 1.3. Kaboni ikiwa asilimia 1.5, zidisha 1.5 kwa 1.3 kwa kina cha sm 30: tani 58.5 kwa hekta.

Tuseme umerudi kupima shamba likiwa limetoka kulimwa, limevimba, uzito umeshuka hadi 1.1. Asilimia ni ileile, lakini hesabu inasema tani 49.5. Tani 9 zimekwenda wapi? Hazikwenda popote, sm 30 za udongo uliotifuliwa zina udongo mchache tu. Kwa hiyo pima msimu uleule, kabla ya kulima.

Waulize maabara njia wanayotumia. Ile ya kemikali ya Walkley na Black, ya mwaka 1934, huacha sehemu ya kaboni bila kuigusa, kwa hiyo jibu huzidishwa kufidia. Kuchoma sampuli kwenye tanuri hukamata kaboni yote, hata ya chokaa. Udongo wako ukitoa povu unapodondoshewa siki, huenda una chokaa, waambie mapema.

Usipime kila mwaka, ni kupoteza fedha. Matandazo, samadi na mazao funika, yaani yanayopandwa kufunika udongo, huchukua miaka 5 au zaidi kuonyesha tofauti iliyo kubwa kuliko makosa ya kupima. Wakati huo tunza daftari: alama za mahali, kina, tarehe, njia ya maabara. Na hifadhi pakiti ya udongo mkavu wa kila awamu. Siku maabara ikibadilika, peleka wa zamani na mpya kwa pamoja.