Mtoto wako kajiunga na mieleka shuleni? Anza kumfundisha kuinuka

Kila mwezi wa kumi na moja simu yangu inaanza kuita, ni mzazi mwenzangu hapa jimbo la Iowa, Marekani, mara nyingi mama, anasema kaka eti huyu mtoto kaleta karatasi ya shule nisaini, anataka kwenda kupigana. Namwambia dada tulia, sio kupigana, ni mieleka, na sio ile ya kwenye TV ya kurukiana toka kwenye kamba na kuvunjiana viti migongoni, hii ina mkeka, ina refa, ina pointi, na watu wa huku wanaichukulia kama sisi tunavyochukulia Simba na Yanga. Dan Gable, yule aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Munich 1972 bila kuruhusu hata pointi moja, ni mtoto wa Waterloo, mji wa hapa hapa Iowa ambao siku hizi una Wakongo kibao.

Mimi najitolea kusaidia timu ya shule moja ya high school, huu msimu wa nne. Nayaandika haya kwa mzazi na kwa kijana yeyote aliyeombwa kusaidia kufundisha, na namuongelea mtoto anayeanza akiwa na miaka 14 au 15 wakati huyo atakayekutana naye kaanza mieleka akiwa na miaka sita. Tusidanganyane, huyo wetu atapoteza mechi nyingi mwaka wa kwanza. Cha muhimu ni atapotezaje.

Sikiliza hesabu. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika mbili mbili. Kumuangusha mwenzako ni pointi 3 (mpaka msimu wa 2023-24 ilikuwa 2), kuchomoka ukiwa chini ni 1, ukiwa chini halafu ukageuza ukawa juu ni 2, ukimlaza karibu mgongo uguse unapata 2, 3 au 4 kutegemea refa kahesabu sekunde ngapi. Mkipishana pointi 15 mechi imekwisha. Na mabega yote mawili yakigandishwa kwenye mkeka sekunde 2 tu, refa anaupiga mkeka kofi, pini hiyo, nenda kapeane mikono. Sasa zikikutana shule mbili, mshindi wa pini anaipa timu yake pointi 6, ila mshindi wa pointi za kawaida, tofauti ikiwa chini ya 8, anaipa 3 tu. Kwa hiyo mtoto wako akipoteza hivyo bila kubanwa pini, kaiokolea timu pointi tatu. Hiyo ndio kazi ya kumpa, ni kazi anayoiweza, na akiiweza mwambie mbele ya wenzake.

Mwaka jana tulikuwa na kijana mmoja mwembamba hivi, tukampeleka kwa bingwa wa shule nyingine. Kaangushwa mara tatu, kalazwa kidogo mara moja, ila kainuka akachomoka mara nne. Ikaisha 11-4. Siku hiyo timu ilishinda kwa pointi mbili, piga hesabu mwenyewe angebanwa pini ingekuwaje. Yule mtoto alibebwa juu juu na alikuwa kapoteza!

Ndio maana nasema mazoezi yaanze na kuinuka, sio na kurusha watu. Wengi wanaanza na mbwembwe za kurusha kwa sababu ndio mtoto anazitaka, kaziona YouTube. Ziache mpaka Januari huko.

Iko hivi. Wa chini anakaa magoti na viganja mkekani, wa juu kamzungushia mkono mmoja kiunoni na mwingine kashika kiwiko. Filimbi ikilia, anayeanza karibu kila mara anakosea vile vile, anainamisha kichwa na kutaka kukimbia mbele, yule wa juu anamsindikiza tu na kumlaza. Kumbuka mtu anavyonyanyuka na gunia la mahindi mgongoni, haanzi kwa kuinama mbele, anasimamisha mgongo kwanza. Basi ni hivyo hivyo, kichwa juu, kifua juu, mgongo umsukume yule wa nyuma kwa nguvu kana kwamba unataka kumkalia. Papo hapo mguu mmoja unakanyaga. Halafu mkono, na hapa ndipo mechi ilipo: ule mkono wake ulioko kiunoni ushike kwa mikono yako, shika vidole vyake vyote pamoja (kumkunja kidole kimoja ni faulo, refa atampa mwenzako pointi), uvute chini uupeleke kwenye nyonga yako. Usisimame kabla hujaushika mkono, ukisimama mkono wake ukiwa huru atakurudisha chini na utakuwa umechoka bure. Ukishaushika ndio unasimama, unatoa kiuno mbele kiachane na chake, unautupa ule mkono, unageuka haraka mnatazamana. Pointi moja hiyo.

Mara kumi kila upande, kila siku, wa juu akikaza nusu nguvu. Wiki ya pili akaze zaidi. Wiki ya tatu mpe mwenzake aliyemzidi pauni kumi. Inachosha na inaboa, najua, watoto wananuna, wewe wala usijali.

La pili ni akishalazwa. Akiona taa za dari ajue mambo yameharibika, akanyage miguu yote miwili karibu na makalio, anyanyue nyonga juu kama daraja, bega moja litoke mkekani, halafu ageukie tumbo. Asilale tu akisubiri huruma. Sekunde mbili ni fupi kuliko unavyodhani.

Na watoto wetu waliokulia kambini au uswahilini wana ugonjwa mmoja, kabali. Kabali ya mtaani hairuhusiwi, ukishika kichwa lazima na mkono wake uwe ndani. Kumnyanyua mtu ruksa ila kumbamiza chini marufuku, umemnyanyua wewe basi umshushe salama wewe. Na ukiwa juu yake mkekani usiunganishe viganja kumzunguka kiuno, ni pointi ya bure kwa mwenzako.

Uzito sasa, hapa naomba wazazi mnisikilize vizuri. Pale shule zinapotumia madaraja 14, ya wavulana yanaanza pauni 106 mpaka 285, na mtoto atakuja nyumbani kasikia toka kwa wenzake kwamba ashuke daraja moja apate mteremko. Atataka kushinda njaa, kukimbia na jaketi tatu, kutema mate kwenye chupa. Kataa. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakikausha mwili namna hiyo, na ndio chanzo cha sheria za sasa: kabla ya msimu anapimwa mkojo kuona kama ana maji mwilini, anapimwa mafuta ya mwili (mvulana asipangiwe uzito utakaomshusha chini ya asilimia 7, msichana 12), na hatakiwi kupunguza zaidi ya asilimia 1.5 kwa wiki. Mtoto wa pauni 140 ni kama pauni mbili tu hizo. Kwa anayeanza mimi hata hizo mbili siziafiki, acheze uzito aliokuja nao, ale ugali wake kama kawaida. Siku ya mechi akishapimwa mpe ndizi, mkate, maji kidogo kidogo, ugali na maharage usubiri mpaka jioni. Kama mnafunga, Ramadhani siku hizi inaingia mwishoni mwa msimu, mwaka 2026 mwanzo wake ni Februari 18 hivi, kwa hiyo muone kocha mapema mpange, msimshtukize.

Ngozi. Jamani choa. Kila mchezo una ugonjwa wake, wa mieleka ni choa, kwa sababu ya kusuguana na jasho. Kabla ya mechi watoto wanapanga foleni wanakaguliwa ngozi na kucha, na choa kikionekana bila fomu ya daktari mtoto hachezi, na cha mwilini kinataka angalau saa 72 za dawa, cha kichwani siku 14. Kuna baba mmoja katoka shifti ya usiku hajalala, kaendesha saa mbili kwenye theluji, mwanae kakutwa na kiduara kama shilingi nyuma ya sikio. Wakarudi. Baba hakuongea njia nzima. Kwa hiyo aoge mara tu mazoezi yakiisha, sio akifika nyumbani na kulala kwanza, nguo zifuliwe kila siku, na kila Jumapili umkague mwenyewe chini ya taa, shingoni, nyuma ya masikio, kichwani. Mafuta ya kitunguu swaumu ya bibi nayaheshimu ila refa hayajui.

Mabinti nao wanacheza, msishangae, Iowa wana mashindano yao rasmi toka msimu wa 2022-23, na kwa uzoefu wangu wanasikiliza mafundisho kuliko wavulana. Wakishasuka, wabane vizuri tu.

Mwisho ni kelele. Mtoto akiwa chini ya mtu anasikia labda neno moja kati ya kumi, sasa baba anapiga kelele hivi, mjomba vile, kocha Kiingereza, anachanganyikiwa. Kubalianeni maneno mawili matatu tu nyumbani. Sisi tunatumia "kichwa!", "mkono!" na "inuka!" na kwa muda mrefu nilijiona mjanja sana kwamba wapinzani hawatuelewi, mpaka siku moja nikapaza sauti "mvizie mguu wa kushoto!" na toka jukwaa la upande wa pili mama mmoja kanyanyuka na kitenge chake anapiga kelele, "Mwanangu, wa kushoto huo, rudisha mguu nyuma!"